Sehemu Moja Bahari

Kwenye mkataba niliandikwa msaidizi wa maabara.
Wete nzima waliniita Shaame Vyura.
Usiku wa masika nilishuka mabonde ya mpunga, tochi mdomoni,
mikono miwili iwe huru,
na asubuhi Dokta Mize Faki alinikuta mlangoni
na gunia linalopumua.

Alihesabu. Kila siku alihesabu.
"Sita, Shaame. Ulisema saba."
Mmoja nilimwachia, alikuwa na mayai.
Akaandika: sita.

Chumba chetu kilikuwa nyuma ya spitali,
na kiyoyozi kilichokufa kabla hatujajuana,
na ngoma ya karatasi tuliyoifukiza moshi wa kibatari
hadi ikawa nyeusi kama sufuria ya shughuli.
Moyo wa chura, mdogo kama kitufe cha kanzu,
tuliufunga uzi, uzi ukavuta unyasi,
unyasi ukachora weupe juu ya weusi:
panda, shuka, panda.
Hapo ndipo nilipojifunza kusoma,
mimi niliyeacha skuli darasa la tano.

Mwaka mmoja chumvi za maabara zilikwama forodhani miezi minne.
Akanituma pwani na dumu.
Sehemu moja bahari, sehemu nne maji ya mvua;
akaonja kwa ncha ya ulimi kama mpishi,
akamimina.
Moyo ukasita. Kisha ukapiga,
kivivu, kama mtu aliyeamshwa kula daku,
lakini ukapiga.
Siku hiyo tu nilimsikia akicheka.

Mstari alioutafuta lakini ulikuwa mwingine.
Lilikuwapo jani. Jina hakulitaja:
kwao halitajwi baada ya magharibi,
na yeye kazi yake ilikuwa usiku.
Daftarini liliitwa Kumi na Nne.
Mwenye moyo wa mbio hunyweshwa maji yake.
Tone moja, na vilima vikaachana,
mwendo wa mtu mwenye heshima zake.
Matone mawili, ukatembea huku unafikiri.
La tatu,
na unyasi ukaenda sawasawa hadi karatasi ikaisha.

"Rudia," alisema.
Tulirudia mara kumi na moja.
Safari hii na mimi nilihesabu.

Siku iliyofuata alikuja na kikombe cha bati,
rangi imebanduka, ua jekundu ubavuni.
Akakijaza maji, akayahamishia kwenye silinda ya kioo,
akainama hadi macho yalingane na maji.
Mia na themanini, akaandika.
Akajaza tena, mara hii akaishia chini ya ua,
pale mtoto angeambiwa aishie.
Mia na ishirini.
Kalamu ikabaki hewani.

Mimi ni wa Kangagani, nyumba ya tatu kutoka kwao.
Najua mama yake alizikwa msimu gani:
karafuu zimeiva, wakubwa wote wako mashamba,
na najua nani, wa miaka tisa, aliachiwa mgonjwa na jiko.
Sikusema kitu. Nilikwenda kuosha vioo.

Makala ilitoka baada ya miaka mitatu,
kurasa sita, kwa lugha nisiyoijua.
Mchoro niliutambua: panda, shuka, panda, kisha tambarare.
Chini kabisa alishukuriwa S. Hamad, aliyeleta vyura.
Mama yake hayumo.
Kikombe kimo, kwa tarakimu.

Halafu akazunguka, Micheweni hadi Mkoani,
na boksi la vijiko vya plastiki vyenye alama.
"Sikwambieni muache. Nakwambieni mpime."
Kuna waliomfungia mlango.
Kuna waliovitia vijiko kwenye kopo la sukari,
na huko viko mpaka leo.

Alipostaafu alinipa kikombe, bila maelezo,
kimefungwa kwenye gazeti.
Nakinywea chai kila asubuhi,
tamu kuliko anavyoniruhusu,
na mkono husita wenyewe
chini ya ua.